Barua za Watu Katika Sanduku la Kampuni

Kimumu, Eldoret
Jumapili baada ya ibada

Dada Mghoi mpendwa,

Nakusalimu kutoka huku kwenye baridi. Niambie kwanza, kifua cha Mama kimetulia? Na lile goti lako lililogonga dawati siku ya kufunga shule, sasa linakunjika? Mimi ni mzima. Nakula, nalala, na kazi bado ninayo. Hilo la kazi nimelitaja mapema kwa makusudi, maana najua barua yangu iliyopita ilikutia wasiwasi. Ilikuwa mistari sita tu, nikaomba mniombee na nisiulizwe kwa nini. Najua hukumsomea Mama. Ahsante. Hii unaweza kumsomea yote, tena kwa sauti, na jirani akija mwache asikie, kwa sababu nimeshinda, dada yangu.

Uliniuliza mambo mawili. La kwanza, kwamba umepata chumba karibu na ofisi ya chifu hapo Wundanyi na unataka kupiga chapa barua za watu wakati wa likizo, kama ninavyofanya mimi hapa, kwa hiyo nikwambie ni vitu gani vya kulipia na ni vipi vya kuacha. La pili, ni nini kilichonipata. Nimekaa na kalamu nikaona kwamba jibu la yote mawili ni moja, kwa hiyo nivumilie, nitasimulia kwa mfululizo.

Unakumbuka nilianza kwa sababu mshahara wa karani wa kampuni ya unga huisha kabla ya mwezi kuisha, na karo ya mdogo wetu Mwadime haingoji. Lakini sikukuambia nilivyoanza vibaya. Kabla ya mashine ya chapa nilinunua ujinga. Niliona tangazo gazetini: jifunze kupata pesa za ziada ukiwa nyumbani kwako, kwa njia ya posta, bila mtaji. Nikatuma hawala ya posta, nikangoja wiki tano. Kikaja kijitabu cha kurasa nane. Kurasa saba zilinisifu kwa kuwa mtu mwenye bidii. Ukurasa wa nane ulinishauri niweke tangazo gazetini niwauzie watu kijitabu. Nilikisoma mara tatu nikidhani kuna ukurasa uliopotea. Kiko chini ya godoro langu hadi leo, na hakuna anayejua ila wewe. Basi jibu langu la kwanza ni hili: usimlipe mtu anayekuuzia namna ya kupata pesa. Mlipe anayekuuzia karatasi.

Kisha mashine. Zilikuwa mbili zinauzwa mjini. Moja ndogo, ya kubeba, rangi ya samawati, na herufi zake zimelala kidogo kama mwandiko wa mkono. Niliipenda mpaka nikaona haya. Ya pili kuukuu, nzito, imetoka katika ofisi ya mawakili, na ile herufi e imechakaa tumbo. Nilikwenda kuzitazama Jumamosi tatu, muuzaji akaanza kuniita Inspekta. Mwishowe nilifanya jambo moja la akili. Nilizunguka maduka yote ya vifaa vya ofisi mjini nikiulizia utepe wa kila mashine. Utepe wa ile ya samawati huagizwa Nairobi na huenda usifike. Wa ile kuukuu uko kila duka. Nikanunua ile kuukuu, nikaibeba mwenyewe hadi Kimumu huku nikipumzika kwenye kila nguzo ya simu.

Siku iliyofuata nilijipeleka kwa chifu. Wewe unajua nilivyo. Siku hizi karatasi ya chapa ikiokotwa njiani ina maneno yasiyotakiwa, kila mwenye mashine huulizwa alikuwa wapi. Mimi nilitaka kuulizwa mapema. Nilimwambia chifu kwamba ninayo mashine, nikampa karatasi niliyopiga herufi zake zote, kubwa na ndogo, ili siku akiokota kitu alinganishe. Aliigeuza karatasi pande zote mbili. Akasema tangu aanze kazi hajawahi kuletewa ushahidi na mtu ambaye hajashtakiwa. Halafu akaniuliza kama naweza kumpigia tangazo la mkutano wake, nakala kumi. Nikapiga.

Mahali pa kukaa nilipewa na Baba Wairimu, mwenye duka hapa mtaani. Alikuja huku kutoka Nyeri zamani, akiwa na cherehani moja, na sasa anauza kila kitu kuanzia misumari hadi maziwa. Ananiita Mtaita, hajui jina langu lingine au hataki kulijua. Akanipa kona ya veranda yake, meza na viti viwili, nami namlipa kila mwezi. Nafanya kazi Jumamosi tukishatoka kampuni adhuhuri, na Jumapili baada ya kanisa. Huyu Baba Wairimu alinishauri mambo mawili. La kwanza nilikubali na lilikuwa baya: nilipie nambari ya simu ya duka ili wateja wanipigie. Nililipa miezi miwili. Alipiga mtu mmoja tu, akauliza bei ya mafuta ya taa. La pili nilikataa, na ndilo lililokuwa zuri: nichukue sanduku langu la posta, au nitumie lake kwa ada ndogo ya mwaka.

Hapo ndipo nilipojifanya mjanja. Nilimwambia sina haja, kwani sisi wafanyakazi wote hupokea barua zetu kwa sanduku la kampuni, na ni bure. Akanitazama juu ya miwani.

"Yaani wewe Mtaita unalipia simu hailii, halafu sanduku unakataa?"

Nikacheka. Nilidhani ananitafutia ada tu.

Wateja walikuja wengi kuliko nilivyotarajia. Kadi za harambee, barua za kuomba nafasi shuleni, kumbukumbu za mikutano ya akina mama wa Yamumbi, na zaidi ya yote barua za vijana waliomaliza kidato cha nne wakiomba kazi na mafunzo. Wananieleza kwa Kiswahili, mimi naandika kwa Kiingereza, kisha nawasomea tena kwa Kiswahili waone kama ndicho walichosema. Lakini kila barua ya kuomba kitu inataka anwani ya kujibiwa, na wengi wao hawana. Sanduku la shule ya zamani liko mbali, la kanisa lina watu mia wanaligombania. Kwa hiyo, dada, nilikuwa naandika pale juu, upande wa kulia, sanduku la posta la kampuni yetu na jina la kampuni. Jina langu sikuliweka, niliogopa kuonekana. Nilimwomba mesenja wetu, mzee anayeleta mfuko wa barua kutoka posta kila asubuhi, kwamba akiona jina asilolijua anipe mimi. Naye akakubali, na Jumamosi nawagawia wenyewe. Mambo yakaenda hivyo miezi minne na hakuna aliyeuliza.

Mmoja wa wateja hao ni Mzee Koech, mkulima wa Sugoi. Ana binti mkubwa aliyeolewa hapa Kimumu, na huja kumwona Jumamosi. Alikuja kwenye meza yangu na binti yake mdogo, Jeptoo, msichana mrefu asiyesema sana, mwenye cheti kizuri kuliko changu. Anataka uuguzi. Mzee alikaa, akaweka kofia juu ya goti, akasema, "Andika kama ni dada yako." Niliandika hivyo. Niliipiga mara mbili kwa sababu mara ya kwanza mstari wa mwisho ulipinda.

Sasa sikiliza nilivyojichimbia shimo. Wiki sita zilizopita mesenja alikwenda likizo, na Bwana Meneja akaamua kuufungua mfuko wa barua mwenyewe. Bwana Kiptanui, meneja wetu, ni mtu mtaratibu, mpole, na ndiyo sababu tunamwogopa. Siku ya Jumanne alituita makarani wote sita ofisini kwake, tukasimama mstari mmoja. Mezani kulikuwa na bahasha kumi na moja, nyingi za kaki, za serikali, zenye majina ya watu wasiojulikana katika kampuni. Na barua moja iliyofunguliwa, kwa sababu ilielekezwa kwake. Alitusomea. Chuo cha wauguzi kinasema kimepokea ombi la mfanyakazi wenu, Jeptoo Koech, na kinaomba meneja atume ripoti ya siri juu ya tabia yake, na aseme kama kampuni inamruhusu kuacha kazi.

Niliyasoma majina kwenye zile bahasha: wote ni wateja wangu.

Unaona kosa langu? Hapa kwetu sote tunajua kwamba sanduku la kampuni ni la kupokelea barua tu. Lakini mtu aliye mbali akiona jina la kampuni juu ya barua, anasoma kwamba mwandishi anafanya kazi hapo. Mimi, niliyesomea kazi ya barua, mimi niliyefundishwa kwa pesa zako, sikuliona hilo hata siku moja.

Bwana Kiptanui alisema anaona mambo mawili yanayowezekana, na yote ni mabaya. Ama kuna mtu anawauzia watu kazi za kampuni, anawadanganya wameshaandikwa. Ama kuna watu wanakusanya barua za siri kwa jina letu, na hilo si la meneja tena, hilo ni la polisi. Akatupa hadi Ijumaa saa nne. Mwenye habari aje. Asipotokea mtu, atawajibu chuo kwamba hamjui msichana huyo na kwamba anwani aliiiba, na bahasha zote atazipeleka kituoni kama zilivyo. Alisema haya bila kupaza sauti, kisha akatuambia turudi kazini.

Siku hiyo niliharibu barua nne. Karani wetu mkuu ni Mama Njambi, mwanamke ambaye hakuna kinachompita. Saa ya chai alikuja mezani kwangu na kikombe chake, akasimama kama anayetazama dirishani.

"Ni wewe," akasema.

Nikaendelea kufuta kosa kwenye karatasi.

"Usinijibu basi. Lakini nimeona maombi yako mengi ya likizo, na yule msichana aliandikiwa na mtu anayeacha nafasi mbili baada ya nukta. Chuo wamerudisha na nakala ya ombi lake." Akanywa chai. "Sasa sikia. Kila nyumba Uasin Gishu ina gunia letu la unga, na anwani yetu imechapwa kwenye gunia. Nitamwambia meneja kwamba hao watu wameinakili huko. Ataamini. Wewe nyamaza tu, na hiyo mashine yako uza."

Dada, uongo huo ulikuwa mzuri mno. Niliutazama kila upande nikakuta hauna tundu. Ni kweli anwani iko kwenye gunia. Mimi ningebaki kazini, Mama Njambi angebaki na siri, na hakuna ambaye angeumia. Isipokuwa Jeptoo. Chuo kingejibiwa kwamba ameiba anwani, na jina lake lingeandikwa mahali fulani kwamba ni mwongo, na mimi ningeendelea kumpigia baba yake barua nyingine za kuomba nafasi ambazo hazingejibiwa. Ndiyo siku niliyokuandikia ile mistari sita.

Jumatano nilimweleza Baba Wairimu. Sikutaka kumweleza, nilikwenda kununua sabuni. Hakunicheka. Hakusema alinionya. Aliuliza tu, "Huyo mzee wa Sugoi anajua?" Nikasema hajui. Nikanunua sabuni, nikaenda zangu.

Alhamisi jioni nilitoa faili langu. Hili sikuwahi kukuambia kwa sababu ningeona aibu kwa woga wangu: tangu siku ya kwanza nilikuwa naweka kaboni chini ya kila karatasi. Kila barua niliyompigia mtu, nakala yake ninayo, na juu yake nimeandika kwa kalamu tarehe, jina, na kiasi alicholipa. Niliziweka kwa sababu niliogopa siku moja nitaulizwa. Zilikuwa sitini na tatu. Nilizipanga, nikaketi kwenye mashine, nikamwandikia meneja ukurasa mmoja. Nilieleza nilichofanya na kwa nini. Nilisema karatasi na mashine ni vyangu, na saa za kampuni sikuzigusa, ila sanduku nililitumia bila ruhusa na nilimwingiza mesenja katika jambo lisilo lake, naye asilaumiwe. Nilisema hao watu kumi na mmoja hawana kosa. Kuhusu gunia sikusema neno. Nilitia sahihi mara moja tu, upesi, kabla sijabadili nia.

Ijumaa saa tatu na nusu niliingia. Niliweka faili mezani na ule ukurasa juu yake. Bwana Kiptanui alisoma ule ukurasa, akaniangalia, akaniambia nikangoje nje. Nilikaa kwenye benchi la wageni, mimi karani, wenzangu wakipita wakijifanya hawanioni. Mama Njambi alipita mara mbili. Mara ya pili alisema chini chini kwamba mimi ni mjinga wa kwanza kumwona aliye na kazi ya kudumu.

Nilikaa hapo saa mbili na nusu. Nilianza kuhesabu nauli ya kurudi Voi.

Ndipo akaingia Mzee Koech. Amevaa koti lake la kanisani, buti zina matope hadi juu. Kumbe Baba Wairimu alimtuma dereva wa lori la maziwa, lile linalokwenda Sugoi kila asubuhi kuchukua mikebe, ampe habari kwamba barua ya binti yake imeshikwa na meneja. Mzee akapanda lori hilo hilo kurudi, katikati ya mikebe. Aliniona kwenye benchi, akanisalimu kwa mkono, akaketi kando yangu. Askari wa mlangoni akamuuliza ana miadi na nani. Akasema hana, atakaa tu, yeye si mtu wa haraka.

Bwana Kiptanui aliufungua mlango mwenyewe. Akamwona.

"Mzee, habari. Nikusaidie nini?"

"Mimi ni baba ya Jeptoo. Naambiwa mnasema huyu kijana anauza kazi."

"Ndiyo tunachouliza, Mzee."

"Hajaniuzia kazi," Mzee Koech akasema. "Kazi mimi ningenunua, kama iko. Huyu ameniuzia karatasi moja, akanisomea yote, akanirudishia chenji. Mtoto wangu hakusema anafanya kazi hapa. Mkitaka kumfukuza huyu, fukuzeni. Lakini msimwandike mtoto wangu kama mwizi wa sanduku. Sanduku ni chuma, ataliiba namna gani?"

Askari wa mlangoni alicheka, kisha akakumbuka aliko. Meneja hakucheka. Lakini nilimwona akijikuna shavu kwa kidole, na nikajua kuna kitu kimelegea.

Alituingiza sote wawili. Faili langu lilikuwa wazi mezani, na niliona amefika mwisho. Amezisoma zote, dada, zote sitini na tatu. Akamwambia Mzee kwamba hakuna mahali binti yake alipodanganya, ameona kwa macho yake, na chuo kitaandikiwa hivyo leo. Mzee akashukuru, akataka kuinuka. Meneja akamwomba akae. Kisha akanigeukia.

"Mama Njambi ameniambia juzi kwamba watu hawa walinakili anwani kwenye magunia. Wewe ulijua atasema hivyo?"

Nikasema nilijua.

"Na mimi nilikuwa nimekubali. Leo saa nne jambo hili lingekwisha. Kwa nini ulileta faili?"

Nilitaka kusema maneno makubwa, nilikuwa nimeyaandaa usiku kucha. Hayakuja. Nikamwambia ukweli.

"Niliogopa, bwana."

"Uliogopa nini, na ulikuwa umeshapona?"

"Niliogopa kumwandikia tena mtu barua nikijua ile ya kwanza niliiacha imharibie jina."

Alilifunga faili. Mzee Koech naye alikuwa akitazama kofia yake. Halafu meneja akavuta kiti chake mbele, akasema nichukue daftari niandike anayosema. Alinisomea barua tatu, nami nilikuwa bado sijui kama naandika kufukuzwa kwangu. Ya kwanza ilikwenda chuoni: Jeptoo Koech si mfanyakazi wetu, anwani ilitumiwa kwa kupokelea majibu tu, kosa ni la karani wetu wala si lake, na tungefurahi asiponyimwa nafasi kwa sababu hiyo. Ya pili ilikuwa ya kunionya mimi, kwa kutumia sanduku bila ruhusa, nayo itakaa kwenye faili langu la kazi. Ya tatu ilinipa ruhusa, kwa maandishi na muhuri, kuendelea na shughuli yangu nje ya saa za kazi, ila nipate sanduku langu kabla ya mwisho wa mwezi.

Nilikwenda kwenye mashine nikazipiga zote tatu. Sidhani kuna mtu mwingine katika nchi hii aliyejipigia chapa onyo lake mwenyewe huku akitabasamu. Halikuwa na kosa hata moja. Aliposaini aliniambia neno la mwisho, kwamba katika nakala zangu sitini na tatu ameona makosa mawili tu, na katika barua zilizotoka kampuni wiki hiyo ameona makosa tisa. Kuanzia Jumatatu barua zote za kampuni zinapita mezani kwangu kabla hazijakwenda kwake. Cheo hakikutajwa, nyongeza haikutajwa, lakini meza nimehamishiwa karibu na dirisha. Zile bahasha kumi na moja alinikabidhi mwenyewe. Mama Njambi hakuongea nami siku mbili. Siku ya tatu akaniletea rasimu yake, akasema, "Haya mkaguzi, tafuta makosa." Nilipata moja. Nikamrudishia bila kulitaja, akaliona mwenyewe.

Sanduku nimepata. Nilipeleka maombi ofisi ya posta Jumatatu ile, nikaambiwa kuna foleni ndefu. Baba Wairimu akanipatia sanduku la ndugu yake aliyehamia Nakuru, tukabadilisha jina kwa utaratibu, na nikalipa mwaka mzima. Hakuchukua hata senti ya juu. Alisema tu kwamba sasa ile simu yake nimwachie.

Basi jibu la swali lako ndilo hili, dada. Usilipie mapambo. Nunua mashine ambayo utepe wake uko Voi au Mombasa, si ile inayopendeza. Kaboni usiikose hata siku moja, ni rahisi kuliko chai. Na kabla ya karatasi ya kwanza, kabla ya kibao cha jina, chukua sanduku lako mwenyewe, maana watu wanaokujia hawataki herufi nzuri tu, wanataka mahali pa kujibiwa. Mimi niliona hilo ni gharama ya ziada, nikaweka akiba pasipofaa.

Jeptoo aliitwa kwa usaili, na Alhamisi iliyopita aliondoka kwenda chuoni na sanduku la bati. Jana Mzee Koech alikuja mezani kwangu peke yake. Nilidhani amekuja kunisalimu, lakini alikaa mahali pa wateja na kuvua kofia. Akasema anataka kumwandikia mtoto, kwa sababu nyumba imekuwa kubwa. Nikaweka karatasi na kaboni, nikamngoja. Alifikiri sana. Akaanza kusema habari za mvua, akaacha. Akaanza habari za ng'ombe, akaacha. Watu wawili walikuwa nyuma yake na hawakumharakisha. Mwishowe akasema, "Andika kwamba tuko. Andika asome. Chini andika baba."

Ndiyo barua yote. Nikamsomea. Akasema iko sawa, akauliza bei. Nikamwambia barua ya mistari miwili sina bei yake. Akabisha, akaweka sarafu mezani, akasema kazi ni kazi. Niliichukua. Nikaandika nyuma ya bahasha anwani ya kujibiwa, sanduku langu, na jina langu kamili kando yake, kwa herufi kubwa.

Mpe Mama pole ya kifua na umwambie blanketi naleta mwenyewe mwezi wa kumi na mbili. Nisalimie shangazi anayeuza ndizi sokoni, na baba mdogo fundi seremala, mwambie sijasahau meza yake ilivyonisaidia kusoma. Mwadime mwambie karo imetoka, akazane na hesabu. Mwalimu mkuu wako mpe heshima zangu. Na wewe, uliyeuza mbuzi wako wawili ili mimi nijifunze kupiga chapa bila kutazama vidole, pumzisha goti hilo.

Ni mimi ndugu yako anayekupenda, ambaye kesho ataripoti kazini saa mbili kasorobo kama kawaida,

Mwakio